Chole na Baba: safari ya siku saba tuliyoipanga kwa mwezi

Tumerudi Dar wiki mbili zilizopita. Daftari langu liliingia maji ya chumvi na kurasa tatu zimegandana, lakini nikiliweka pamoja na picha za kwenye simu naweza kuipanga safari yote upya, siku baada ya siku. Ndugu na marafiki wameniuliza yaleyale: tulipitia wapi, tulitumia kiasi gani, na mzee wa miaka 66 mwenye goti bovu alimudu vipi. Majibu yote yamo humu.

Baba aliendesha basi njia ya Dar hadi Mbeya kwa miaka 31. Kwetu ni Njombe, na bahari kwake ilikuwa kivuko cha Kigamboni basi. Alistaafu mwaka jana. Mpaka leo huamka saa tisa usiku, akakaa sebuleni taa zimezimwa, anangoja saa ya kutoka ambayo haipo tena. Nilitaka nimpeleke mahali pasipo na honi wala stendi. Nikachagua Chole: kisiwa kidogo ndani ya ghuba iliyo kusini-mashariki mwa Mafia, kijiji cha wavuvi na mafundi wa vyombo, hakuna gari hata moja, na asubuhi moja inatosha kukizunguka kwa miguu.

Kabla ya safari

Nilichora jedwali la saa kwa saa kama nilivyozoea kuona kwa Baba nyumbani. Nyumba ya kwanza niliyoomba vyumba ilinijibu siku chache kabla kuwa vimekwisha. Rafiki akanipa namba ya mama mmoja wa Chole anayepokea wageni nyumbani kwake. Nilimsomea tarehe zangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mwezi utakuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na moja, mama. Novemba."

"Siyo huo, mwanangu. Nakuuliza wa juu."

Sikujua. Akanifafanulia polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Katikati ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi sana. Kuvuka, kwenda magofu ya Kua, kuchokoa pweza, kushusha chombo, kila kimoja kina maji yake. "Njoo mwezi wa juu ukiwa na siku kumi na moja," akasema. "Bamvua itakukuta uko hapa, na kuna mashua inashushwa Ijumaa." Nikasogeza safari siku nne mbele.

Anayepanga safari kama hii aandike hili pembeni: pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika arobaini hadi hamsini kuliko jana yake. Na Novemba ni majira ya maleleji, upepo wa kusi umechoka na wa kaskazi haujashika, bahari imelala. Mwenye hofu ya mawimbi asiende Juni wala Julai, kusi inapovuma kwa nguvu.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Mbagala hadi Kilindoni

Basi dogo la Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia, tulilipandia Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, nauli Sh 10,000 kila mmoja. Baba alikaa nyuma ya dereva. Kila palipokuwa na kona niliuona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu. Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu. Mikorosho na minazi pande zote, na mananasi yamepangwa kandokando ya lami. Tulinunua mawili kwa Sh 3,000. Bungu gari likaiacha Barabara ya Kilwa na kukata kushoto kuelekea baharini, na vipande vya njia hapo vilimtikisa Baba goti mpaka akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Saa tatu tulikuwa Nyamisati. Jedwali langu lilisema boti inaondoka saa tatu na nusu. Boti tuliiona: imelala ubavu kwenye tope, na kijana mmoja anaiosha matumbo. Nauli Sh 16,000, jina na kitambulisho vikaandikwa, kisha tukaambiwa tukae.

Baba aliuliza, "Dereva yuko wapi?"

"Nahodha amelala, mzee. Maji hayajafika."

Tulikaa saa tatu unusu. Mama aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga alimtazama Baba anavyojishika goti, akatoa mkeka wake chini ya meza, akautandika kivulini na kusema, "Baba, nyoosha mguu." Hakutaka tununue kitu. Tulipomkatia nanasi alilipokea kwa mikono miwili akawagawia watoto waliokuwa karibu. Kila nusu saa Baba alikwenda ukingoni kutazama maji. Mara ya nne alirudi na kuniambia, kwa sauti ile ya kutangaza kituo, kwamba maji yamefika kwenye ubao wa tatu wa boti. Tayari alikuwa ameshajiwekea alama.

Ushauri: Nyamisati usipange muunganiko wa dakika. Beba maji ya kunywa, kofia, na kitu cha kukalia. Uliza siku moja kabla kwa mtu aliyepo bandarini, si kwa aliyepo Dar. Na kabla hujapanda, hakikisha una jaketi la kujiokolea linalokuenea. Baba alibadilishiwa mara mbili mpaka likafunga kifuani.

Saa sita na nusu tukatoka. Sehemu ya kwanza ni ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, vijito vinaachana na kukutana, kila kona inafanana na iliyopita. Ndimo humu manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikojificha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hadi Waingereza walipoiangamiza Julai 1915 wakisaidiwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Nilikuwa nimeyasoma hayo bila kuelewa meli nzima inajifichaje. Nilipoiona mikoko ile nilielewa.

Bahari wazi ilitutikisa kiasi. Kijana wa jirani alinipa ndimu, nikakwangua ganda na kunusa, kichefuchefu kikapungua. Baba hakunusa chochote. Alikuwa amesogea nyuma, anatazama mkono wa nahodha kwenye usukani.

Tuliingia Kilindoni, bandari ya Mafia, saa kumi na nusu. Mpango wangu ulikuwa kulala Chole usiku uleule, tukivukia kijiji cha Utende. Dereva wa bajaji akatikisa kichwa. "Maji yanatoka, dada. Mkifika Utende mtatembea topeni mbali, na magharibi imeingia. Mguu wa mzee hauwezi." Akatupeleka nyumba ya wageni anayoifahamu, vyumba viwili Sh 25,000 kila kimoja. Kwa ule mzunguko wa kutafuta hakupokea hata senti. "Kesho ndiyo mtanilipa mkienda Utende." Tulikula chapati na supu ya pweza, tukalala saa mbili.

Siku ya pili, Jumanne: kuvuka

Asubuhi tulishuka pwani ya Kilindoni. Dagaa wametandazwa kama shuka zilizoanikwa, wengine wanakaangwa kwenye masufuria makubwa, moshi mpaka barabarani. Kuna dagaa wanaoondoka hapa wakaliwa Kongo. Baba alisimama na wapakiaji akawauliza gunia moja lina uzito gani na lori linabeba mangapi. Walimjibu vizuri sana, wakamwita "mzee dereva" kabla hata hajasema alikuwa na kazi gani.

Kilindoni ndipo penye benki, hospitali ya wilaya na maduka ya dawa. Toa fedha taslimu hapa, nunua dawa zako hapa. Sisi tulinunua dawa ya kuchua ya goti, na ilisaidia.

Bajaji hadi Utende Sh 15,000, kilomita kama 14 za lami chini ya minazi. Kabla ya kijiji kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Ada hulipwa kwa kila siku unayokaa. Mgeni wa nje analipa zaidi, sisi raia tunalipa kidogo. Malipo ni kwa namba ya malipo ya Serikali kwenye simu, kwa hiyo hakikisha una salio kabla ya kufika.

Tulivuka saa sita, maji yakijaa. Mashua ya abiria Sh 1,000. Ndani mlikuwa na baiskeli, magunia mawili ya unga, godoro, wanafunzi wanne, na bibi aliyeshika kuku kwapani. Robo saa tumefika. Mama mwenyeji alikuwa ufukweni, kanga ya pili kichwani, akamsalimu Baba "Shikamoo" ingawa nadhani wanalingana umri. Baba akakataa kuitikia marahaba, wakacheka wote wawili na kushikana mikono.

Nyumba yake ina vyumba vitatu vya wageni, umeme wa jua, choo safi nje. Sh 45,000 kwa mtu, chakula mara tatu ndani yake. Mchana tulipewa wali wa nazi, changu wa mchuzi na kisamvu. Saa nane Baba akasema anajinyoosha dakika tano. Aliamka saa kumi na mbili jioni. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona Baba akilala mchana. Nilikaa barazani nikimsikiliza anavyokoroma na sikuthubutu hata kufungua mlango.

Aliamka kwa wakati mzuri. Chole kuna popo wakubwa walao matunda, jamii moja na walio Komoro, rangi ya hudhurungi kifuani na sura kama mbwa mdogo. Wakikunjua mabawa wanafika kama mita moja. Mchana wananing'inia mitini kama nguo zilizosahauliwa kambani. Jua likizama huondoka makundi kwa makundi. Wengine hushuka na kugusa maji ya bahari kwa tumbo, kisha huramba chumvi manyoyani. Wanakijiji wamekubaliana wasisumbuliwe: usipige kelele chini ya miti yao, usirushe kitu. Baba aliwahesabu mpaka giza likamshinda.

Siku ya tatu, Jumatano: Kua

Magofu ya Kua yako kisiwa jirani cha Juani na chombo hakifiki huko ila maji yamejaa. Tulitoka saa saba mchana, maji yakijaa saa tisa, tukarudi saa kumi na moja. Mashua Sh 60,000 na mwongozaji Sh 20,000. Viatu viwe vya kufunika vidole, maana ni mawe ya matumbawe makali na miiba.

Ni mji mzima uliolala. Msikiti, makaburi, nyumba za mawe, na kuta za kasri ambazo bado zimesimama hadi orofa ya pili, mizizi imezishika kama vidole. Mwongozaji, mzee mwenyewe, alitukalisha kwenye kivuli cha mbuyu akatusimulia masimulizi yanayojulikana Mafia nzima.

Watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, waliunda jahazi. Siku ya kulishusha wakawaalika watu wa Kua karamuni, kisha wakawakamata watoto wao, wakawalaza mchangani na kulipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka, hata Kisimani wakasahau. Ndipo wakawaalika harusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja baada ya mwingine. Akabaki mzee mmoja, kazi yake kuwashughulisha wageni kwa maneno, huku mlango ukizibwa kwa mawe kutoka nje.

"Na yule mzee?" Baba akauliza.

"Alibaki humo humo."

Kisimani nayo imeliwa na bahari. Kua waliivamia Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, wakaua na kuteka watu, na mji haukuinuka tena. Chole ndiyo iliyochukua nafasi yake. Wajerumani walipokuja waliweka makao yao Chole, hadi 1913 walipohamia Kilindoni kufuata kina kirefu cha meli. Boma lao bado lipo kijijini, mizizi imelikumbatia, mbuzi wanalala ndani.

Njia nzima ya kurudi Baba hakusema kitu. Tulipokaribia Chole akaniuliza kama mashua ya Ijumaa nayo itawekewa kitu cha kuviringikia chini. Nahodha alisikia. "Magogo ya minazi, mzee," akamjibu kwa upole. "Magogo tu."

Siku ya nne, Alhamisi: mvua na fundi

Vuli ilitukumbuka. Ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne na nusu, kisha manyunyu. Ilipokatika Baba alivaa viatu, akaniambia anakwenda "gereji". Alikuwa na maana ya banda la vyombo.

Nilimfuata baada ya saa moja nikamkuta amekaa juu ya gogo, amevua kofia, mbele yake mashua ya futi 30 imesimamishwa kwa magadi, miti ya kuegemeza chombo, kushoto na kulia. Fundi mkuu ni mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe. Hana mchoro wala kipimo cha karatasi. Alianza na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, akapandisha mbao za ubavu, na mataruma, mbavu za ndani, yakafuata umbo analoliona kichwani. Baba hakuamini. Aliuliza swali hilohilo kwa njia tatu.

"Wewe Kitonga ulikuwa unapanda na karatasi?" fundi akamuuliza.

Baba akacheka kwa sauti. Kitonga ni mlima wa makona Iringa, na aliupanda maelfu ya mara, usiku na ukungu. Kuanzia hapo wawili hawa waliacha kunijali. Nilisikiliza tu na kuandika.

Kazi iliyobaki ilikuwa kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inasukumwa kwa patasi na nyundo kati ya ubao na ubao, kidogo kidogo, mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Fundi anaisikia. Baba aliyejua ubovu wa injini kwa sikio alifumba macho akaisikiliza, na mara ya tatu aliinua kidole kabla fundi hajasema. Vijana walitoboa tundu kwa keekee kabla ya kila msumari ili ubao usipasuke. Chini, kuanzia mstari wa maji, walipaka deheni, mafuta na chokaa vilivyokandwa pamoja, kwa viganja vitupu. Baba akakunja mikono ya shati na kupaka. Alirudi nyumbani jioni ananuka mpaka mama mwenyeji akamtengea ndoo mbili za maji ya kuoga, na kila tone la maji matamu kisiwani linabebwa kichwani. Oga kwa kiasi ukifika huko.

Usiku ule aliniuliza liko wapi jedwali langu. Nilimpa. Aligeuza nyuma ya karatasi akachora mashua, akaandika majina ya sehemu zake: mkuku, taruma, gadi, na foromali, mti wa kufungia tanga.

Siku ya tano, Ijumaa: bamvua

Mwezi wa kumi na tano. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imeondoka. Palipokuwa na maji jana palikuwa na uwanja wa mawe, nyasi za bahari na vidimbwi. Wanawake walikwishatangulia, kanga zimefungwa juu ya goti, mkononi kijiti chenye ncha ya chuma. Mama mwenyeji alinichukua. Mimi niliona mawe. Yeye aliona mlango wa nyumba: maganda ya kaa yaliyorundikwa mbele ya tundu, jiwe dogo lililovutwa ndani. Akachokoa, akangoja, akavuta kwa mkono, na pweza akamzunguka mpaka kwenye kiwiko. Alipata watatu. Wa nne alikuwa mdogo, akamwacha arudi zake.

"Huyu wa bamvua nyingine," alisema.

Unayekwenda kutembea maweni, nenda na mwenyeji. Maji hurudi kwa mikondo na hukuzunguka nyuma bila sauti. Na urudi anaporudi yeye, usisubiri picha moja zaidi.

Baada ya sala ya Ijumaa kijiji chote kilishuka bandani. Sufuria mbili za pilau zilikuwa motoni tangu asubuhi. Chetezo cha ubani kilipitishwa kuzunguka chombo, wazee wakasoma dua na Fatiha. Baba ni Mlutheri. Alisimama kati yao, mikono wazi, akaitikia amina pamoja nao. Kisha magogo ya minazi yakapangwa hadi majini, kamba mbili nene zikafungwa, watu kama mia wakazishika, wanaume, wanawake, watoto wa shule na sare zao.

Goti la Baba halikumruhusu kuvuta. Nilimwona anarudi nyuma, ameshika kofia yake. Fundi akamwita.

"Dereva! Wewe kaa ubavuni hapa. Macho yako nayataka. Kikilala, sema."

Mmoja akiita, wote wakiitikia, na kwenye itikio la mwisho kamba huvutwa. Chombo kikatoka hatua moja. Kikatoka ya pili. Saa kumi kasoro maji yalikuwa yamefika gogo la mwisho. Hapo katikati ya mteremko, wito ukiwa juu kabisa, Baba akapaza sauti: "Simama!" Ile sauti. Sauti iliyokuwa ikisimamisha abiria 60 wasishuke mpaka gari litulie. Kamba zote zikalegea mara moja. Gogo moja lilikuwa limezama kwenye mchanga wa upande wake na chombo kimeanza kuinama. Vijana wakaingiza gadi, wakachimbua, wakaweka gogo jingine. Fundi alikuja kupima kwa kiganja, akamtazama Baba, akatikisa kichwa taratibu kukubali, kisha akainua mkono wito uendelee.

Ilipoelea hakuna aliyekumbuka kupiga picha, nikiwamo mimi. Nina picha ya dakika kumi baadaye: Baba amesimama majini hadi mapajani, viatu vyake vya ngozi miguuni, kiganja chake kwenye ubavu wa mashua.

Siku ya sita, Jumamosi: kuondoka Chole

Asubuhi hatukufanya kitu. Nilinunua mkeka wa ukili kwa Sh 40,000, msuko mwembamba wa rangi tatu. Aliyeusuka aliniambia umemchukua majuma mengi, na nikautazama kwa karibu nikaona bei ile ni ndogo. Baba alikunywa kahawa bandani.

Wengi huja Mafia kwa ajili ya potwe, papa mkubwa wa madoa asiye na madhara, anayeonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Msimu ulikuwa ndio huo, nasi hatukwenda. Baba haogelei na mimi sikutaka kukatisha asubuhi zake. Ukienda, chagua waongozaji wanaokataza kumgusa na wasiomfukuza kwa injini.

Tulivuka saa kumi na nusu jioni, maji yamejaa hadi ngazini. Mama mwenyeji alitufungia pweza wa kukausha kwenye gazeti, akakataa fedha. Fundi alimpa Baba kipande cha ubao wa mwembe uliobaki, kimenyolewa kwa tezo, kinanukia bado.

Siku ya saba, Jumapili: Dar

Boti iliondoka Kilindoni saa kumi usiku. Baba alikuwa ameamka tangu saa tisa, kama kawaida yake, ila safari hii kulikuwa na pa kwenda. Mwezi ulikuwa mkubwa juu ya maji. Nyamisati saa moja, basi, foleni ya Mbagala, nyumbani saa saba mchana.

Hesabu yetu kwa watu wawili: mabasi Sh 40,000, boti Sh 64,000, bajaji Sh 30,000, kuvuka Chole Sh 4,000, malazi ya Kilindoni usiku mbili Sh 100,000, Chole usiku nne pamoja na chakula Sh 360,000, Kua Sh 80,000, mkeka Sh 40,000. Ada ya hifadhi, dawa, mananasi na vyakula vya njiani kama Sh 62,000. Jumla Sh 780,000. Ni bei za siku zile. Piga simu uulize upya.

Jana jioni fundi alimpigia Baba. Mlingoti umesimama, foromali imefungwa, wameitoa mara mbili na haiingizi maji. Wanangoja bamvua waipeleke Kilindoni kuiandikisha. Baba aliongea naye nusu saa uani, kipande cha mwembe mkononi, kisha akaingia ndani akaniuliza kama nauli ya boti bado ni elfu kumi na sita.